Mvushi wa Matetini na Watu wa Shimo Namba Nne

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Diwani wetu, Mtendaji wa Kata, mfadhili wa shughuli ya leo, Ndugu Vedasto, mwenye mashimo ya dhahabu ya ng'ambo, wazee wetu, shikamooni, wageni mliotoka Mugumu, Tarime na Kemambo, mabibi na mabwana.

Sisi akina mama wa kitongoji cha Matetini tunakukaribisha kwenye ukingo huu wa Mto Mara leo, tarehe 21 Juni 1997. Barabara uliyopita tunaijua. Tumeona gari lako limefika na matope hadi kwenye vioo, na bado umeshuka ukitusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Asante.

Tuliambiwa tusome kwa dakika tano. Tunakuomba radhi mapema, kwa sababu tuliyonayo hayaenei katika dakika tano, na tunakuomba utusikilize mpaka mwisho. Ninayesoma ni Efrazia, katibu wa kikundi. Maneno ni ya wanachama wote arobaini na mmoja.

HISTORIA YA KIVUKO

Mgeni rasmi, umekuja kuzindua boti ya chuma. Kabla ya boti hii tulikuwa tunavushwa na wavushi.

Huenda hujawahi kumwona mvushi, kwa hiyo tutakueleza. Ni mnyama wa maji, mkubwa kama ng'ombe wawili waliosimama ubavu kwa ubavu. Ngozi yake ni ya kijivu, haina manyoya, na mgongo wake ni bapa. Anakula matete. Hana meno ya kumuuma mtu, na hata mamba humpisha njia. Ukifika ukingoni unasimama kimya tu. Anakuja mwenyewe, anapiga magoti kwenye maji ya kina kifupi, mnapanda. Anabeba watu sita. Wakitimia, anazamisha kichwa majini. Hiyo ni alama yake kwamba amejaa, na mtu wa saba hata abembeleze vipi hapandi. Akifika ng'ambo anapiga magoti tena na kusubiri mpaka wa mwisho ashuke. Kisha anakaa huko huko mpaka apate mtu wa kurudi naye. Havuki bila mtu mgongoni. Hilo tunaomba ulishike, Mheshimiwa, maana ndilo lililotuleta kwenye haya tunayoyasema.

Hakuna aliyewahi kuwafuga wala kuwafundisha. Bibi Nyangi, mzee wetu aliyekaa pale mbele mwenye kitambaa cha kijani, anasema mama yake alivushwa na mvushi siku ya kuolewa, na yeye mwenyewe alivushwa akiwa na siku nne duniani.

MAFANIKIO

Katika miaka yote ambayo wazee wetu wanaikumbuka, hakuna mtu wa Matetini aliyekufa maji akiwa mgongoni mwa mvushi. Akina mama wenye uchungu walivushwa kwenda zahanati ya ng'ambo, na watoto watatu walizaliwa katikati ya mto. Mkunga aliyekuwapo alisema mnyama alisimama kabisa, mkondo ukimpiga, mpaka mtoto alipolia. Watoto hao wote wapo leo. Mmoja ndiye aliyekupa maua.

Mwaka 1991 tulikuwa na wavushi tisa.

KUINGIA KWA DHAHABU

Mwaka 1992 iliposemekana kwamba ng'ambo, upande wa Kemambo, mwamba una dhahabu, watu walikuja kutoka Geita, Kahama, na wengine kutoka Kenya kupitia Sirari. Waume zetu na wana wetu nao walichukua sururu. Hatutaki kusema uongo mbele yako: tulifurahi. Asubuhi wavushi waliwapeleka, alasiri wakawarudisha, na jioni tulipika.

Lakini dhahabu ilikuwa inaoshwa kwa zebaki pale pale mtoni. Mwaka wa kwanza wavushi wawili walikutwa wamelala kwenye matete, ngozi imebanduka kama maganda ya kitunguu. Tai walitua, wakatazama, wakaondoka bila kugusa. Mwaka uliofuata wageni walisema mvushi anayekula matete ya mto huu lazima awe na dhahabu tumboni. Wakawachinja wawili. Walipanda migongoni mwao kama abiria, Mheshimiwa, na wale wanyama wakapiga magoti. Hawakukuta kitu. Wengine wanne walikufa mmoja mmoja.

Tuliandika barua kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja. Tulijibiwa kwamba mnyama tunayemwelezea hayumo kwenye orodha ya wanyama, kwa hiyo hawezi kulindwa. Barua hiyo tunayo.

Amebaki mmoja, jike. Jicho lake la kushoto limekuwa jeupe.

TAREHE 11 APRILI 1996

Asubuhi hiyo watu sita walivuka kwenda kazini shimo namba nne, la Ndugu Vedasto. Majina yao ni Gesabo, Machota, Nyamhanga, Sabure, Kisiri na Ashrafu. Stanslaus, mwenzao wa saba katika kazi, aliamka na homa. Alifika nao kivukoni akitetemeka, akawaona wanapanda, akarudi kulala. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Alasiri hawakurudi.

Kesho yake tulikwenda kivukoni, lakini mvushi alikuwa amekaa ng'ambo na hakuja hata tuliposimama kimya. Tulizunguka kwa miguu mpaka darajani, mwendo wa siku nzima. Tulipofika tulikuta shimo namba nne limefukiwa, na juu yake kifusi kipya kimerundikwa kama kilima. Ndugu Vedasto alitupokea vizuri. Alitupa chai. Akasema, "Mama zangu, shimo lilikuwa tupu. Vijana waliacha kazi tangu usiku, wamekwenda Kahama kutafuta maisha."

Wegesa, mke wa Gesabo, akamwambia, "Gesabo asubuhi alikunywa uji kwangu. Amekwenda Kahama saa ngapi?"

"Wanaume ni watu wa kuondoka, shemeji," akajibu.

Tulikwenda kuripoti. Tuliambiwa mtu mzima akisafiri si mpotevu. Baada ya wiki tatu Mwajuma akaletewa barua. Mwajuma ni mama yake Ashrafu, anauza vitenge, na mwanawe alikuwa fundi cherehani kabla ya dhahabu. Barua ilisema Ashrafu ni mzima, yuko Kahama, asitafutwe. Tulimsomea. Mwajuma aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hebu rudia mwanzo." Tukarudia. Barua ilianza, "Mama mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo."

Mwajuma akaikunja akaiweka chini ya jiwe la kusagia. Akasema, "Mwanangu hajaandika barua hata moja bila Bismillahi. Nani anayeniandikia?"

TULIYOYAONA

Mheshimiwa, sehemu hii tuliambiwa tuiondoe. Tumeirudisha.

Mvushi alikaa ng'ambo siku tisa bila kula. Siku ya kumi, saa tisa alasiri, jua likiwa kali na watu tele ukingoni wakifua, alikuja. Mgongoni hapakuwa na mtu. Tukasema, basi sasa amejifunza kuvuka bila mtu. Ndipo Bibi Nyangi akasema, "Tazameni maji."

Maji yalikuwa yamemfika kwenye mbavu za juu, kama anavyokuwa akibeba sita. Alifika, akapiga magoti, akasubiri. Tulimwona akiinuka kidogo, halafu kidogo tena, mara sita, kama mzigo unaoshuka kwa zamu. Mbwa wa Gesabo, ambaye siku zote hizo alikuwa hali, alikwenda mpaka majini akitikisa mkia. Kisha akageuka akapanda njia ya nyumbani, taratibu, akitazama juu kama mbwa anavyomtazama mtu anayetembea kando yake. Alikwenda akalala mlangoni kwa Wegesa.

Asubuhi yake mvushi alikuwa hapa kabla ya watu. Mwalimu mmoja wa shule alikuwa na safari ya Tarime, akasogea apande. Mvushi akazamisha kichwa. Mwalimu akasema, "Lakini mgongo hauna mtu!" Bibi Nyangi akamshika mkono, akamwambia, "Mura, kijana wangu, rudi nyuma. Nafasi imejaa."

Tangu siku hiyo mpaka juzi, miezi kumi na minne, asubuhi anawapeleka kazini na alasiri anawarudisha. Ndiyo maana watu wa Matetini hawana kivuko, Mheshimiwa, na ndiyo maana ukaambiwa panahitajika boti. Usifikiri tunawaogopa. Mwanzoni tuliogopa. Sasa alasiri tunaacha milango wazi. Wapo wanaoacha maji ya kunawa kizingitini, na asubuhi maji yana udongo mwekundu wa ng'ambo.

Mama yake Kisiri alikuwa akiishi na mwanawe huyo tu. Alifariki Februari mwaka huu. Siku ya pili baada ya maziko, mvushi alipokuja asubuhi, hakuzamisha kichwa. Tulikaa tukatazamana. Bibi Nyangi akasema, "Kisiri hana tena anayemrudia. Amebaki huko. Kuna nafasi ya mtu mmoja."

Wegesa akaenda. Hatukumtuma. Alijifunga kitenge vizuri, akapanda akakaa nyuma. Haya ndiyo aliyotusimulia aliporudi, na tunayaandika kama alivyoyasema:

"Kulikuwa na baridi upande wa kushoto, kama umekaa karibu na mtu aliyelowa. Nilijisogeza nimpe nafasi. Katikati ya mto nilisikia kikohozi. Kile cha Gesabo, cha kukohoa mara mbili halafu kusafisha koo. Sikugeuka. Nilisema tu, 'Mtoto ameanza shule.' Tulipofika nikashuka wa mwisho. Sikuona mtu. Lakini majani ya njiani yalikuwa na umande, na umande ulikuwa unadondoka mbele yangu, hatua kwa hatua, kama yanapitwa na miguu. Nikaufuata. Ulikwenda mpaka shimo namba nne. Haukupanda kwenye kifusi. Ulizunguka kushoto, hadi kwenye kile kishimo cha zamani kilichoachwa, nacho sasa kimezibwa, ukaishia hapo."

Tukamweleza Stanslaus. Akasema kwamba hicho kishimo cha zamani kina njia ya chini inayokutana na shimo namba nne, hatua kama kumi tu kutoka mdomoni mwake, na kwamba maji yakijaa mtu mwenye akili angekimbilia huko. Akasema, "Walikuwa wanatoka. Mdomo wa hicho kishimo ndio ulizibwa."

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ya kwanza ni afya ya mvushi. Mgongo wake una vidonda, na mwezi huu mara mbili amesimama katikati ya mto akihema. Akifa yeye, hatujui hao watakaa wapi. Hatupendi hata kulifikiri.

Ya pili ni karatasi iliyobandikwa kwenye mti wa mkutano Jumatatu. Inasema baada ya uzinduzi wa leo mnyama anayezuia njia ya boti na kuwatia wananchi hofu atapigwa risasi. Haina sahihi. Wananchi waliotiwa hofu hawakutajwa, nasi tumeuliza nyumba kwa nyumba tusimpate hata mmoja.

Ya tatu ni walinzi wa mashimo. Kila tulipokwenda ng'ambo kutazama walitufukuza kwa mbwa na marungu. Wegesa ana alama mguuni.

MAOMBI YETU

Tunaomba mvushi asiuawe, na karatasi ile uichane wewe mwenyewe.

Tunaomba kuosha kwa zebaki kuhamishwe mbali na mto. Boti tutaipokea, hatukatai, mradi ipite upande wa chini, pale ambapo mvushi hapiti.

Na tunaomba usiende kwenye chakula ulichoandaliwa. Tunaomba twende shimoni.

Mheshimiwa, hatutakuficha. Leo walinzi wote wanane wa mashimo wameondoka huko alfajiri, wamekuja hapa kumsindikiza mfadhili wetu. Tunawaona pale kwenye kivuli cha turubai, wamevaa vizuri, na tunawashukuru sana kwa kuja wote. Saa kumi na mbili asubuhi ya leo Stanslaus na wanaume kumi na tisa walisimama kivukoni na majembe. Hatukujua itakuwaje, kwa sababu kulikuwa na nafasi moja tu. Mvushi alikuja, akapiga magoti. Akapanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wakapanda sita, pamoja na Bibi Nyangi, ndipo akazamisha kichwa. Mgongo wake ulikuwa mtupu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Aprili ya mwaka jana. Aliwavusha kwa safari nne bila kupumzika, na kila mara Bibi Nyangi alirudi naye, ili asisubiri abiria ng'ambo. Bibi alisema, "Wale hawakurudi jana; aliyemrudisha mvushi ni ndugu mmoja wa Kemambo. Wamekaa huko huko, wanasubiri."

Wanaume hao wanachimba tangu saa moja, pamoja na ndugu zetu wa Kemambo. Ndiyo sababu risala hii imekuwa ndefu. Tulikubaliana nao kwamba wakimfikia mtu watapuliza pembe mara moja, na kwa kila mtu pembe moja.

*

Mheshimiwa, karatasi imeishia hapo. Ninayosema sasa nayasema kwa mdomo, na mwenzangu Nice amekaa hapa kando anayaandika, ili risala utakayokabidhiwa iwe kamili.

Mmeisikia wote. Ni pembe. Mwajuma, keti, mama. Hatujui ni nani. Keti, mshikeni mkono.

Ya pili.

Mheshimiwa, walinzi wanainuka. Tunakuomba. Asante. Asanteni, maafande. Waacheni wakae walipokuwa wamekaa.

Ya tatu, na hiyo ya nne imefuata hapo hapo. Wamekuwa pamoja. Stanslaus alisema watakuwa pamoja.

Tulieni, akina mama. Tulieni tusikie. Watoto wanyamazishwe.

Ya tano.

Tusubiri. Bado mmoja. Wegesa, usiende majini, mwenzetu, subiri.

Ya sita. Wote sita. Wametimia. Kisiri hana aliyebaki wa kumlilia. Tutamlilia sisi sote. Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kusimama. Tunakushukuru kwa kuvua kofia. Sasa tunaweza kukuambia kwamba makaburi tumeshayachimba, yapo sita nyuma ya nyumba ya maombi, na la Ashrafu limeelekezwa Kibla, Mwajuma mwenyewe ametuonyesha. Tulikuwa tumepanga kwamba

Nyamazeni.

Nice, umesikia? Andika. Imelia tena.

Ya saba.

Mheshimiwa, Stanslaus aliwaona waliopanda. Walikuwa sita. Vitongoji vyote vya upande huu tumeviuliza, hakuna aliyepotelewa na mwingine. Huyo wa saba hakuvushwa na mvushi wetu; pengine alichukuliwa ng'ambo asubuhi hiyo kujaza nafasi ya Stanslaus. Hakuwa na mlango wa kurudia upande huu, na wenzake wakitoka alasiri yeye alikuwa anabaki peke yake, mpaka Kisiri alipobaki naye. Ni mtoto wa mtu. Hatujui wa wapi. Kaburi lake hatujachimba, na jina lake hatuna la kuandika kwenye karatasi hii.

Ndugu Vedasto, simama. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaandika watu wanaoingia shimoni. Hatukuulizi jambo lingine lolote sasa. Tutajie jina lake.

Nice, acha nafasi hapo. Acha mstari mzima.

Anatazama chini. Mheshimiwa, tutasubiri naye, hata ikifika jioni. Akina mama, anzeni kwenda kuchimba la saba.

Mungu awapokee watu wa shimo namba nne, tuliowataja na ambaye hatujamtaja. Akupe wewe, mgeni wetu, miguu ya kutembea nasi mpaka ng'ambo, na moyo wa kutazama utakachoonyeshwa. Amlinde mvushi wetu na mto huu.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama wa Kivuko,
Kitongoji cha Matetini.